Marianne North: mama mwenye alichora mimea ya dunia, na watu wenye walibaki inje ya picha

Mu mwezi wa munane mwaka wa 1879, mwanamuke mumoja Mwingereza wa miaka 48 alikosa treni ku gare ya Shrewsbury, mu magaribi ya Uingereza. Ile yenye kufuata ilikuwa ya kungojea masaa mingi. Mwingine angelalamika, mwingine angesinzia juu ya valizi. Yeye alitafuta karatasi, akamuandikia mukubwa wa bustani ya mimea ya Kew, karibu na London, bwana Joseph Hooker. Kwa maneno yetu, barua ilisema hivi: niko na picha mamia ya mimea, nimezichora kwa mukono wangu mu inchi nyingi, munipe kiwanja mu bustani yenu, nitajenga nyumba kwa franga zangu, nitazitundika mimi mwenyewe, kisha nitawaachia yote bure.

Hooker alikubali. Nyumba ilifunguliwa mwaka wa 1882 na mpaka leo watu wanaingia. Mu ndani kuna picha zaidi ya 800, zenye zimebanana ukutani sawa tembre mu albumu, bila hata nafasi ya kuweka kidole kati ya moja na ingine. Jina la ule mama ni Marianne North. Hakuoa, hakuzaa, hakusoma shule ya kuchora hata moja, na safari zake kubwa alizianza akiwa na miaka 40.

Wasomaji wengine wataona jina lake kwa mara ya kwanza hapa. Si kosa lao. Mu shule zetu tulifundishwa Stanley, tukafundishwa Livingstone, tena na Cameron, na wote walikuwa wanaume wenye bunduki na wapagazi. Wanawake wenye walizunguka dunia mu ile wakati hatukuambiwa. Tumependa kueleza maisha ya huyu mumoja sababu ni ya kushangaza. Lakini kuna pia jambo moja lenye linatugusa sisi watu wa inchi ya mine, na lile halifurahishi. Tutalifikia.

Marianne alizaliwa tarehe 24 mwezi wa kumi mwaka wa 1830, mu Hastings, muji wa pembeni ya bahari. Baba yake, Frederick North, alikuwa depite wa Hastings mu bunge la London na mutu wa mali. Nyumba yao ilikuwa inapokea watu wakubwa: wanasiasa, wanasayansi, wachoraji. Shule, mutoto hakuipenda. Walimupeleka kidogo, ikamushinda, akarudi nyumbani kusoma vitabu vyenye alitaka. Kitu chenye alipenda kwanza ni muziki. Alijifunza kuimba kwa miaka na mwalimu mukubwa, watu wakawaza atakuwa muimbaji. Halafu sauti ikamuacha. Alipopoteza sauti, alishika burashi.

Mwaka wa 1855 mama yake alikufa. Mbele ya kufa alimuomba binti yake kitu kimoja: usimuache baba yako. Marianne aliahidi, na alishika ile ahadi kwa miaka 14. Huku kwetu, mutoto mwanamuke akifika miaka 30 bila bwana, familia inaita mukutano, na shangazi ndiye anafungua. Kwao pia haikuwa mbali sana na hivyo. Lakini Marianne alikuwa na jibu lake: kwa maoni yake, ndoa ilikuwa inamugeuza mwanamuke kuwa sawa boyi wa cheo, mwenye anafungua na kufunga nyumba ya bwana. Hakutaka. Baba yake alimutosha kama rafiki. Mu bustani yao ya Hastings walijenga nyumba tatu za vioo za kulinda mimea, na wakati baba alipoteza kiti chake mu uchaguzi wa 1865, badala ya kukaa na kulia, walifunga mizigo yao wawili wakaenda mpaka Uturuki, Misri na Siria.

Kuna siku moja yenye inapaswa kuandikwa. Mwaka wa 1856, mu Kew, mukubwa wa bustani wa ile wakati, William Hooker, baba ya yule Joseph, alimupa shada la maua ya muti wa Burma wenye unaitwa Amherstia. Ni maua mekundu yenye yananing'inia sawa mishumaa ya kanisa. Tangu ile siku alitamani kuona inchi za joto kwa macho yake. Lakini ahadi ni ahadi. Alingoja.

Baba alikufa mwezi wa kumi mwaka wa 1869. Marianne alikuwa na miaka 39. Miaka miwili hivi mbele yake, mwanaume mumoja wa Australia, Robert Dowling, alikuwa amemufundisha kutumia rangi ya mafuta. Kisha pale hakuacha tena. Mwenyewe alisema ile rangi inamushika mutu sawa pombe kali. Sasa alikuwa na urizi, hakuwa na mutu wa kumuomba ruhusa, na nyumba ya Hastings ilikuwa imejaa kimya. Mwaka wa 1871 alipanda bato.

Kwanza Marekani na Kanada, kisha Jamaika, kwenye alifika ku mwisho wa mwaka wa 1871. Pale, karibu na Kingston, alipanga nyumba ya zamani mu bustani ya mimea yenye watu walikuwa wameacha. Miti ilikuwa imeingia mpaka ku baraza. Mutu mwingine angeita hii pori na kutafuta mupanga. Yeye alifurahi sawa mutoto. Alikuwa anaamuka mapema, anachora inje mpaka saa sita, mvua ikinyesha anachora ndani, mangaribi anatembea. Ile programu hakuibadilisha mu maisha yake yote.

Tuseme kidogo juu ya namna yenye alikuwa anachora, sababu ndiyo inamutofautisha. Wachoraji wa mimea wa ile wakati walikuwa wanakata tawi, wanalileta mezani, wanalichora kwa rangi ya maji juu ya karatasi nyeupe: ua, jani, mbegu, mwisho. Ni kazi nzuri, na wanasayansi waliipenda. Marianne aliacha muti pale wenye umeota. Mu picha yake ua liko mbele, kubwa, na nyuma yake unaona mulima, muto, nyumba, wingu, ndege mwenye anakula matunda, kipepeo juu ya jani. Alichora haraka, na rangi nzito. Wenye kuhukumu sanaa wanasema rangi zake zinapiga kelele. Inawezekana. Lakini wakati ule foto ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, na Mwingereza mwenye hakuwahi kutoka London hangejua kama kakao inazaa matunda ku shina lake ao ku matawi. Akiangalia picha ya Marianne, alijua.

Kutoka Jamaika alirudi nyumbani kidogo, kisha mwaka wa 1872 alienda Brazili. Na hapa tunafika ku lile jambo.

Mu Rio alichora kila siku mu bustani ya mimea. Kisha alipewa nafasi ya kwenda mbali, mu jimbo la Minas Gerais, jina lenye linamaanisha tu "mine za kila aina". Muko Katanga na Ituri, tunajua majina ya namna hii. Alisafiri siku nyingi juu ya nyumbu, ule munyama wa punda na farasi, mu matope na mvua, mpaka ku mine ya dhahabu ya Morro Velho. Ile mine ilikuwa ya kampuni ya Waingereza, St. John d'el Rey, na bosi wake, bwana Gordon, alimupokea mu nyumba yake. Alifikiri atakaa kidogo. Alikaa karibu miezi munane. Bustani ya bosi ilikuwa nzuri, vipepeo vilikuwa vingi, maua ya milima yalikuwa ya kipekee, na picha za ile kipindi ni kati ya zile zenye uzuri kupita zote.

Mu ile mine, kazi ya chini ya ardhi ilikuwa inafanywa na watumwa.

Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1843 ilikuwa inawakataza Waingereza kununua watumwa, hata mu inchi za wengine. Lakini haikuwakataza kupanga. Basi kampuni ilikuwa inapanga watu kutoka kwa wenye mali, sawa mutu anapanga kamyo. Na kati ya wale watu kulikuwa kikundi kimoja chenye hadisi yake inaumiza. Mwaka wa 1845, kampuni ilipanga watumwa 385 kutoka ku mine ingine, Cata Branca, yenye ilikuwa imefunga. Mu mapatano waliandika wazi: kisha miaka 14, wale watu watakuwa huru. Miaka 14 iliisha mwaka wa 1859. Hakuna mwenye aliwaambia. Hakuna mwenye aliwafungulia mulango. Waliendelea kushuka mu shimo.

Tuhesabu pamoja. Marianne North alifika Morro Velho mu mwaka wa 1872 na akaondoka mwaka wenye kufuata. Kwa hiyo wakati alikuwa anafungua sanduku lake la rangi mu bustani ya bosi, mita kidogo kutoka pale kulikuwa watu wenye walipaswa kuwa huru tangu miaka 13. Kampuni ilikuwa inaficha ile habari, na mugeni wa bosi haonyeshwi makaratasi ya bosi. Hatumusingizii. Lakini hata utumwa wenyewe, ule wenye hakuna mutu alificha, yeye aliuandika kwa utulivu, sawa jambo la kawaida la ile inchi. Mutu mwenye aliweza kukaa siku nzima mbele ya ua moja, akahesabu mustari wa kila jani, hakukaa mbele ya wale watu. Mu picha zake, watu ni wachache na ni wadogo sana. Mara nyingi wanawekwa pale ili tujue muti una urefu gani.

Na wale watu walikuwa nani? Brazili ilipokea karibu milioni tano ya watu kutoka Afrika, na sehemu kubwa sana walipandishwa bato mu pembeni za Kongo na Angola. Mu Minas Gerais walikuwa wanaandikwa mu vitabu vya mabwana wao kwa majina kama Congo, Angola, Benguela, Cabinda. Ile ilikuwa namna ya kutambua kitu chenye kinunuliwa, lakini watoto wao waliigeuza kuwa kitu cha heshima: mpaka leo, mu Minas Gerais, kuna sikukuu inaitwa Congado, yenye wanatembeza mufalme, Rei Congo, na taji yake, na ngoma. Kwa hiyo tukisema wale watu wa chini ya ardhi walikuwa ndugu zetu, si maneno ya kupamba gazeti.

Mwisho wa ile hadisi ya Cata Branca ulikuja mwaka wa 1879, mwaka ule ule wa barua ya Shrewsbury. Depite kijana wa Brazili, Joaquim Nabuco, alisimama mu bunge akaeleza yote. Tribinali ilitoa amri wale watu waachwe huru. Kati ya wale 385 walikuwa wamebaki karibu 123 tu. Utumwa wenyewe ulikatwa mu Brazili tarehe 13 mwezi wa tano mwaka wa 1888, inchi ya mwisho mu Amerika yote. Tuongeze kitu kimoja, kwa wale wenye wanafuata habari za mine: kampuni AngloGold Ashanti, yenye leo iko na sehemu yake mu dhahabu ya Kibali, mu Haut-Uele, inachimba pia mu lile eneo la Minas Gerais.

Kisha Brazili, safari zilifuatana sana kiasi kwamba hatuwezi kuzieleza zote. Tenerife mwaka wa 1875. Mwaka ule ule akaenda kuzunguka dunia nzima: California, Japani, Sarawak mu kisiwa cha Borneo, Java, Ceylon yenye leo inaitwa Sri Lanka. Mu California alichora ile miti mikubwa sana, yenye inaishi zaidi ya miaka elfu, na alihuzunika kuona watu wanaikata ili kupata mbao za haraka. Japani ilimupiga na baridi mpaka ikamuachia ugonjwa wa viungo. Mu Ceylon alipigwa foto na Julia Margaret Cameron, mama mwingine wa ajabu, mwenye alikuwa mupiga foto mukubwa kuliko wanaume wengi wa Uingereza. Mu 1877 akaenda India, akakaa zaidi ya mwaka mumoja, akatoka na picha zaidi ya 200. Ule mwaka wa 1877, ili musomaji ajipange mu wakati, ni ule wenye Stanley alitokea Boma kisha kushuka muto wetu.

Alikuwa anasafiri yeye peke yake, bila mutumishi mwanamuke, bila ndugu mwanaume. Watu wa cheo chake walishangaa. Lakini tusimugeuze kuwa masikini mwenye alitembea na kibuyu. Alikuwa na barua za baba yake na za marafiki wa baba yake, na kila fasi kulikuwa gavana, ao konsili, ao bosi wa kampuni wa kumupokea. Ile barabara yenye alipita, ukoloni ndio uliitengeneza. Mu Sarawak alipangishwa kwa Charles Brooke, Mwingereza mwenye alikuwa anatawala ile inchi sawa mufalme, na bibi yake Margaret. Kitu chenye hawezi kunyanganywa ni kwamba akifika kwa gavana, alikuwa anakimbia karamu. Chakula cha mangaribi chenye watu wanavaa vizuri na kusema bure kilimuchosha. Alitaka paa, meza na muti mbele ya dirisha.

Ku Sarawak njo jina lake liliingia mu sayansi. Kuna mimea yenye inatega wadudu: jani lake linajikunja sawa kopo, lina maji ndani, mududu anaingia na hatoki. Mwingereza mumoja alipita pori na kumuletea moja yenye kopo lake lilikuwa kubwa kupita yote yenye wataalamu walijua. Aliichora. Picha ilipofika Uingereza, mufanyabiashara wa mimea alituma mutu mpaka Borneo kuitafuta, na Hooker akaipa jina Nepenthes northiana. Kuna pia ua Crinum northianum, kuna Kniphofia northiae ya Afrika Kusini, na muti wa Shelisheli wenye ulipewa jina Northia. Tulijiuliza: ule muti, watu wa pale hawakuwa na jina lake? Walikuwa nalo. Wanauita kapisen. Ni desturi ya ile sayansi: kitu kinazaliwa siku yenye muzungu amekiandika.

Mu 1879 alipanga chumba mu London ili kuonyesha picha zake, watu wakalipa kuingia, na gazeti moja likaandika kwamba ile kazi ingepaswa kukaa Kew. Sisi watu wa magazeti tunapenda kukumbusha hiyo. Kisha ikaja gare ya Shrewsbury. Lakini mbele nyumba imalizike kuna mutu mwingine alimutuma safari: Charles Darwin, yule mutaalamu mukubwa. Alimuambia haiwezekani aseme amechora mimea ya dunia bila kuona ile ya Australia, sababu haifanani na ingine. Marianne alipokea lile neno sawa amri ya malkia. Mwaka wa 1880 alikuwa tayari ndani ya bato. Aliporudi, mwaka wa 1881, alienda kwa Darwin nyumbani kumuonyesha picha. Muzee aliziangalia moja moja. Miezi michache kisha pale, Darwin alikufa.

Nyumba ya Kew aliisimamia yeye mwenyewe. Mujenzi alikuwa James Fergusson, mutaalamu wa majengo ya India, njo maana kuna baraza inje. Kwa karibu mwaka muzima Marianne alipanga picha kwa kufuata inchi, akachora mapambo ya milango na mbao za pembeni, na chini ya picha akapiga vipande 246 vya mbao vya miti mbalimbali, vyenye alikusanya mu safari zake. Alitaka pia wageni wapate chai ao kahawa, sababu Kew ni kubwa na miguu inachoka. Hooker alikataa: bustani yake ilikuwa ya sayansi, si ya kunywa. Mama hakubishana. Alichukua burashi, akachora muti wa chai na muti wa kahawa juu ya mulango. Iko pale mpaka leo.

Picha za Afrika zilikosekana, na alijua. Mwaka wa 1882 alienda Afrika Kusini. Mwaka wenye kufuata, Shelisheli. Ilipaswa kuongezwa chumba ku ile nyumba ili zipate nafasi. Huku kwetu hakufika. Ile pori kubwa ya Kongo haiko ukutani pale.

Shelisheli ilimuvunja. Masikio yake yalikuwa yanaanza kufa tangu muda, na akili ilikuwa imechoka. Ndui ilitokea mu visiwa, akafungiwa na wasafiri wengine mu kisiwa kidogo mpaka muda wa karantini uishe. Pale akaanza kusikia sauti za watu wenye hawako. Aliamini wanapanga kumuibia na kumuua, akashona franga zake mu nguo. Alieleza hii mwenyewe mu kitabu chake, bila kuficha, na kwa mutu wa ile wakati, tena wa familia ya heshima, si kitu kidogo. Wengi wangesema tu "homa".

Alirudi, akapona nusu, na akaondoka tena. Kulikuwa muti mumoja wenye alitaka kuona kwao: araucaria ya Chile, ule wenye majani yake yanachoma sawa misumari. Alienda peke yake mu mwisho wa mwaka wa 1884, akapanda milima na farasi, akauchora. Mu ile miezi, ku Berlin, wakubwa wa Ulaya walikuwa wanakaa mezani kukata Afrika. Yeye alikuwa anatafuta muti. Ile ilikuwa safari yake ya mwisho.

Mwaka wa 1886 alipanga nyumba mu Alderley, kijiji cha Gloucestershire, akatengeneza bustani na mimea yenye marafiki wa dunia yote walimutumia. Zile sauti hazikumuacha kabisa. Alikufa tarehe 30 mwezi wa munane mwaka wa 1890, na miaka 59. Kitabu chake cha maisha kilikuwa kirefu sana. Dada yake mudogo, Catherine, alikipunguza, kikatoka mu 1892 mu vitabu viwili, kisha kingine mu 1893. Jina lake linamaanisha kumbukumbu za maisha ya furaha. Kisha kusoma juu ya Shelisheli, mutu anajiuliza kidogo, lakini ni yeye mwenyewe alilichagua.

Kazi yake haijamaliza kutumika. Mu picha moja ya Sarawak ya mwaka wa 1876 kuna kichaka chenye matunda ya bluu sana. Kwa zaidi ya miaka mia, watu walipita mbele yake wakiwaza mama aliongeza rangi tu. Halafu kijana mumoja mwenye kuchora mimea ku Kew alikazia macho. Alienda mu makabati ya mimea mikavu, akapata tawi lenye lilikusanywa Borneo na kusahauliwa bila jina. Picha na tawi vilipatana. Mwaka wa 2021 ule mumea ulipewa jina Chassalia northiana. Kwa hiyo rangi ilikuwa ya kweli, na macho yake hayakudanganya.

Ile njo inatufanya turudi ku Morro Velho. Kama macho yake yalikuwa ya namna ile, yenye kuona tunda la bluu mu giza ya pori na kuliandika bila kosa mpaka sayansi inalipata miaka 145 kisha pale, basi tuna haki ya kuuliza yaliangalia wapi mu ile miezi munane. Tulipozungumuza mu biro, wengine wetu walisema: alikuwa mutu wa wakati wake, muache. Lakini Nabuco pia alikuwa mutu wa wakati ule, na Waingereza wenye walikuwa wanapigania watumwa tangu mbele yeye azaliwe pia. Wengine walisema: hakuenda kule kuhukumu, alienda kuchora. Tulibaki bila kukubaliana, na mama wa chai alitufukuza sababu alitaka kufunga.

Kwa wenye wanataka kuona picha: nyumba ya Kew ilitengenezwa upya mu mwaka wa 2008 na 2009 na iko wazi, lakini tunajua viza ya Uingereza ni hadisi ingine. Picha zote ziko ku intaneti, bila kulipa. Mutafute zile za Minas Gerais. Ni nzuri kweli. Muangalie maua, halafu muangalie pembeni, chini, karibu na njia, kama kuna mutu.